Picha Iliyopunguzwa: Historia ya Video Ndogo, Kutoka Kansas hadi Kishikwambi cha Mwalimu

Vyuo vilipofungwa mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya korona, nilifanya kama walivyofanya walimu wengi: niliegemeza simu kwenye rundo la vitabu, nikajirekodi nikifundisha ukuta. Mhadhara wa saa moja ulitoka na ukubwa wa zaidi ya gigabaiti 7. Niliuweka kwenye hifadhi ya somo ili wanafunzi waupakue. Kazi hiyo ilichukua usiku mzima, na asubuhi nikajiona nimetimiza wajibu.

Baada ya siku tatu mwanafunzi mmoja alinipigia simu. Alikuwa amerudi kwao kijijini. Kwa adabu kubwa alinieleza kwamba alinunua kifurushi cha wiki, kikaisha kabla robo ya faili haijashuka. Hakunilaumu. Aliomba tu, kama ingewezekana, nimtumie maandishi. Kabla ya kukata simu aliongeza kwamba wenzake wawili wameacha kabisa kulifuatilia somo.

Nilijifunza kupunguza video kwa sababu ya aibu ile. Hadi siku hiyo niliamini kwamba kubana faili ni shughuli ya mafundi, jambo lisilomhusu mtu anayefundisha historia na siasa. Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyogundua kwamba nimeingia katika uwanja wangu mwenyewe. Kila video iliyobanwa imetupiwa sehemu kubwa ya picha yake ya awali. Nani aliamua kipi kitupwe? Nani alimiliki mbinu ya kutupa? Na gharama ya kubeba kilichobaki ilimwangukia nani? Hayo ni maswali ya uchumi wa kisiasa kama yalivyo ya reli au bandari.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu ukubwa wa tatizo hauonekani. Kishikwambi cha kwanza cha Apple, iPad ya mwaka 2010, kilikuwa na kioo cha pikseli 1024 kwa 768. Ukiijaza skrini hiyo kwa picha isiyobanwa, kila pikseli ikipewa baiti tatu za rangi na kila sekunde ikipewa picha 25, utahitaji karibu megabaiti 59 kwa sekunde moja. Saa moja itadai zaidi ya gigabaiti 212. Kifaa cha bei ya chini kabisa katika toleo hilo kilikuwa na nafasi ya gigabaiti 16. Kwa maneno mengine, bila kubana, kishikwambi kizima kingejaa kwa video ya dakika nne na nusu. Ukweli kwamba watu walibeba filamu kumi na zaidi ndani ya kifaa hicho ni matokeo ya kazi iliyoanza karibu miaka arobaini kabla yake.

Kazi hiyo ina mizizi mingi, lakini mmoja ni mkuu kuliko mingine, nao unaanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas nchini Marekani. Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore nchini India, alikwenda Marekani kusoma uhandisi mwaka 1961, na baadaye akawa mhadhiri Kansas. Mwaka 1972 aliwasilisha kwa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ombi la fedha za kuchunguza njia mpya ya kueleza picha kwa mawimbi ya kosaini. Ombi lilikataliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mpitiaji mmoja aliliona wazo hilo kuwa rahisi mno. Hakuliacha. Aliliendeleza na mwanafunzi wake T. Natarajan pamoja na rafiki yake K. R. Rao wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Arlington, na mwezi Januari mwaka 1974 wakachapisha makala fupi katika jarida la kitaaluma. Picha nyingi tunazotumiana kwa simu leo zimepitia kanuni iliyomo katika makala hiyo au jamaa yake wa karibu.

Wazo lenyewe si gumu kulieleza. Picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, mathalani pikseli nane kwa nane. Badala ya kuandika rangi ya kila pikseli, kanuni huandika ni kiasi gani cha mabadiliko ya polepole na kiasi gani cha mabadiliko ya haraka kimo ndani ya kipande. Jicho la binadamu huyaona vizuri mabadiliko ya polepole, kama vile mwanga unavyofifia ukutani. Mabadiliko ya haraka sana, kama chembechembe za mchanga, hayalishughulishi sana. Basi hayo ya haraka hupewa nafasi ndogo, au hutupwa kabisa. Jicho vilevile hutambua mwanga na giza kwa ukali zaidi kuliko linavyotambua rangi, kwa hiyo rangi nazo hupunguzwa. Kisha huongezwa hila ya tatu: kwa kuwa picha moja hufanana sana na ile iliyoitangulia, huhifadhiwa tofauti tu. Mwalimu akisimama mbele ya ukuta, ukuta huandikwa mara moja. Baada ya hapo huandikwa mdomo, mikono na chaki.

Tangu mwanzo, basi, kubana ni uamuzi kuhusu kisichohitajika. Uamuzi huo una msingi wa kisayansi, lakini hauna usawa kamili katika matokeo yake. Yeyote aliyetazama filamu kwenye diski za bei nafuu atakumbuka kwamba sehemu za giza ndizo zilizogeuka mabaka kwanza. Mandhari ya bahari mchana ilibaki ya kupendeza. Uso mweusi ndani ya chumba chenye taa hafifu ulibaki kivuli chenye miraba. Hakukuwa na mtu aliyekaa kupanga hivyo. Hata hivyo, kila panapokuwa na ubahili lazima tuulize ubahili huo unaangukia wapi.

Mwaka 1988 lilianzishwa kundi la wataalamu chini ya mashirika ya kimataifa ya viwango, kundi lijulikanalo kwa herufi MPEG. Waasisi wake walikuwa Mwitaliano Leonardo Chiariglione na Mjapani Hiroshi Yasuda. Lengo lao la kwanza lilikuwa la wazi: video iingie katika diski ya kawaida ya muziki, ambayo husomwa kwa kasi ya takriban megabiti moja na nusu kwa sekunde. Kiwango chao cha kwanza kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1993 kampuni za Philips, Sony, Matsushita na JVC zikakitumia kuunda VCD. Diski moja ilibeba dakika 74 hivi za picha yenye pikseli 352 kwa 288 au 240. Filamu moja ya kawaida ilihitaji diski mbili.

Huko Ulaya na Marekani VCD haikushika. Watu walikuwa na mashine za kanda, na miaka michache baadaye DVD ikaingia. Barani Asia ilienea kama moto wa nyikani, na kutoka huko ikafika kwetu. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka: diski ya kwanza inaishia pale panaponoga, watu wanashika pumzi wakati mwenye nyumba anaingiza ya pili. Katika mabanda ya video ya miji yetu, na katika mabasi ya safari ndefu, filamu za Nigeria, za Hong Kong, za India, na hatimaye za Bongo zilitembea kwa njia hiyo. Zikaja pia zile DVD za mtaani zilizoandikwa kwamba zina filamu ishirini ndani ya diski moja. Tulizicheka kwa ubovu wa picha, lakini ndani yake mlikuwa na maarifa: mtu fulani, mahali fulani, alijua ni kiasi gani cha picha mtazamaji anaweza kuvumilia kukipoteza ili apate hadithi zaidi kwa bei ileile.

Hapa Afrika Mashariki palikuwa pia na wale walioweka sauti yao juu ya picha hizo, kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, wakisimulia filamu za kigeni kwa lugha ya watazamaji wao. Wanazuoni wa filamu wameandika mengi kuhusu sanaa yao. Ningependa kuongeza jambo moja la kiufundi: usimulizi ule ulifaa sana katika mazingira ya picha duni. Uso ulipokuwa mabaka, msimulizi alikwambia ni nani huyo na ana hasira gani. Palipopotea picha, lugha ilifidia.

Hatua iliyofuata haikutoka katika kamati yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Microsoft ilitoa programu yake ya kubana kwa mtindo wa MPEG-4, lakini ikaifungia katika aina ya faili ya kwake. Mfaransa Jérôme Rota aliifungua kufuli hiyo, na kazi yake ikasambaa kwa jina la DivX. Kwa mara ya kwanza filamu nzima ya DVD ilibanwa hadi megabaiti 700, yaani diski moja ya kuandikia nyumbani, na ikatazamika. Rota na wenzake walipoigeuza DivX kuwa biashara, baadhi ya watengenezaji waliokuwa wakichangia toleo lake la wazi walijitenga mwaka 2001, wakaanzisha Xvid, jina ambalo ni DivX iliyoandikwa kinyumenyume. Wakati huohuo nchini Ufaransa wanafunzi wa École Centrale Paris walikuwa wakiijenga VLC, programu inayocheza karibu kila aina ya faili, nayo ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Mwaka mmoja kabla yake Fabrice Bellard alikuwa ameanzisha FFmpeg, zana isiyo na sura ya kuvutia ambayo hadi leo imefichika ndani ya programu nyingi za video duniani.

Nawataja hawa kwa sababu historia ya teknolojia huandikwa mara nyingi kama historia ya kampuni. Katika suala hili, mtu wa kawaida aliyetaka kupunguza video nyumbani kwake alitegemea zaidi kazi ya watu waliogawa bure. Kampuni zilikuwa na jambo jingine la kushughulikia, nalo ni hataza.

Mwaka 2003 MPEG na shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu walikamilisha kiwango cha H.264. Kilikuwa na uwezo wa kutoa ubora uleule wa DVD kwa takriban nusu ya ukubwa. Hataza zake, hata hivyo, zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingi, zikakusanywa katika kapu moja lililosimamiwa na kampuni iitwayo MPEG LA, na aliyetengeneza kifaa au programu ya kuuza alitakiwa kulipa. Kosaini za Ahmed zilichapishwa wazi kwa kila mtu. Ghorofa zilizojengwa juu ya msingi huo ziliwekewa mlango na mlinzi. Kwa mtazamaji wa kijijini ada hiyo haionekani kamwe. Imo ndani ya bei ya simu yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Steve Jobs alipoitambulisha iPad mwezi Januari mwaka 2010. Ndani ya kifaa hicho mlikuwa na sehemu maalumu ya kufungua video za H.264, na ndiyo iliyowezesha filamu nzima kuchezwa bila kumaliza chaji. Kioo kilikuwa kikubwa, cha kuvutia. Ila watu waliokuwa na hazina zao za filamu za DivX na Xvid waligundua kwamba kifaa hakizitambui. Hakikuwa na tundu la kadi ya kumbukumbu. Kila faili ililazimika kufunguliwa, kubanwa upya kwa H.264, kupunguzwa hadi kiwango ambacho kifaa kinakubali, kisha kupitishwa katika programu ya Apple. Programu huria ya HandBrake, iliyoanzishwa na Mfaransa Eric Petit mwaka 2003, ikawa kimbilio la wengi. Kompyuta za wakati ule ziliunguruma usiku kucha kwa filamu moja.

Kisa cha VLC kinaonyesha vizuri kilichokuwa kinapiganiwa. Mwaka 2010 programu hiyo iliingia katika duka la Apple, na ghafla kishikwambi kikaweza kucheza faili za zamani bila kuzigeuza. Mwezi Januari mwaka 2011 ikaondolewa. Mmoja wa waandishi wake, Rémi Denis-Courmont, alikuwa amelalamika kwamba masharti ya duka yanapingana na leseni huria, ambayo inamhakikishia kila mtu haki ya kunakili na kugawa. Apple haikubadili masharti, ilitoa programu. Ilirudi mwaka 2013, baada ya wenye VLC kubadili sehemu ya leseni yao. Mtu anaweza kusema Denis-Courmont aliwanyima watu chombo kizuri kwa ajili ya kanuni. Mimi naona alitukumbusha kwamba kifaa ulichokinunua kwa fedha zako kinaweza kubaki chini ya amri ya aliyekiuza.

Kwetu iPad ilikuwa kitu cha wachache. Vilivyoingia mikononi mwa watu ni vishikwambi na simu za Android za bei nafuu, vyenye tundu la kadi. Vijana wenye kompyuta moja na meza moja kando ya barabara walikuwa wakijaza kadi hizo kwa malipo kidogo: nyimbo, vichekesho, mahubiri, filamu zilizopunguzwa kufaa kioo kidogo. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa zimeanza kufika pwani yetu, SEACOM ikianza kazi Julai 2009, lakini bei ya data iliwafanya wengi waendelee kubeba video mfukoni. Kijana yule wa kando ya barabara alikuwa, kwa kweli, kituo cha usambazaji. Sheria ilimwita mwizi wa kazi za wasanii, na wasanii walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hatukujiuliza kwa nini hakuna taasisi ya umma iliyoiga njia yake kusambaza masomo.

Baadaye kazi ya kupunguza ikahama mikono. YouTube na kampuni za aina yake hubana kila video katika ukubwa mbalimbali na kumpa mtazamaji ule unaolingana na kasi yake. Ni rahisi, na kwa mwenye intaneti ya kudumu ni neema. Kwa anayenunua kifurushi, maana yake ni kwamba kila anaporudia kutazama analipa tena, hali kadi ya mtaani ililipiwa mara moja. Makampuni hayo yanakijua kilichomo katika mbinu za kubana kuliko serikali nyingi zinavyokijua. Kiwango kilichofuata H.264 kilipotoka mwaka 2013 na hataza zake zikagawanyika katika makapu yanayoshindana, Google, Amazon, Netflix, Microsoft na wenzao waliunda muungano wao mwaka 2015, na mwaka 2018 wakatoa kiwango cha AV1 kisicholipiwa ada. Mwaka huohuo Chiariglione mwenyewe aliandika hadharani kwamba mfumo alioujenga umo katika mgogoro. Ushindi huo ni wa uwazi, lakini ni uwazi uliolipiwa na matajiri wachache kwa sababu ulipunguza gharama zao.

Na sisi? Serikali zetu zimenunua vishikwambi. Kenya iliahidi kompyuta za mkononi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2013, na mpango ulipoanza mwaka 2016 watoto wakapewa vishikwambi vyenye masomo ndani yake. Tanzania ilitumia vishikwambi katika Sensa ya mwaka 2022, kisha ikavigawa kwa walimu. Nimeviona vikitumika vizuri, na nimeviona kabatini. Mjadala wetu wa hadhara ulikuwa juu ya idadi na bei. Ni mara chache niliposikia mtu akiuliza: mwalimu wa shule isiyo na intaneti atapata wapi video ya jaribio la kemia, itakuwa na ukubwa gani, na nani mwenye jukumu la kuipunguza hadi imfikie? Kifaa kilihesabiwa kuwa maendeleo. Kinachoingia ndani yake hakikuwa na mwenyewe.

Narudi kwenye mhadhara wangu. Nilitumia FFmpeg ileile ya bure. Nilipunguza picha hadi pikseli 640 kwa 360, nikapunguza idadi ya picha kwa sekunde kutoka 30 hadi 15, kwa sababu siruki wala sichezi ninapofundisha, na sauti nikaiacha katika mkondo mmoja badala ya miwili. Gigabaiti 7 na zaidi zikawa megabaiti zipatazo 112. Nilitoa pia nakala ya sauti pekee: megabaiti 14. Maandishi ubaoni yalisomeka, kwa kuwa niliandika upya kwa herufi kubwa. Kazi yote ilinichukua alasiri moja, na alasiri hiyo ningeweza kuitumia kabla ya kumpa mtoto wa mkulima mzigo wa gigabaiti saba.

Mwanafunzi aliyenipigia alimaliza somo. Mmoja wa wale wenzake wawili alirudi. Mwingine hakurudi, na sijui kama ningemrudisha. Ninachojua ni kwamba picha isiyofika ni sawa na somo lisilofundishwa, hata iwe safi namna gani. Siku hizi, ninapokaa katika vikao vya kupanga masomo ya kidijitali, baada ya wenzangu kutaja idadi ya vifaa na majina ya mifumo, huuliza swali moja ambalo baadhi yao wameshalichoka: faili ina megabaiti ngapi, na wa mwisho kuipata atalipa shilingi ngapi?